Msiba Usioandikwa

Mtoto aliyezaliwa na moyo mbovu hujifunza kuchuchumaa bila kufundishwa na mtu. Anapanda kilima na wenzake kutoka mtoni, ndoo ndogo kichwani, na pale wenzake wanapoendelea yeye anatua ndoo, anakunja magoti mpaka kifuani na kutulia. Midomo imegeuka rangi, kucha nazo. Baadaye anainuka, anatembea kidogo, anachuchumaa tena. Huku kwetu Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ambako huwezi kwenda shambani, shuleni wala zahanati bila kupanda na kushuka, mtoto wa namna hiyo huitwa goigoi, au husemwa kwamba amechezewa na watu. Hakuna anayemwambia mama yake kwamba mtoto anajitibu. Akikunja miguu hivyo, mishipa ya mapajani hubanwa, na damu iliyokuwa ikipita njia isiyo yake ndani ya moyo hulazimika kwenda mapafuni kuchukua hewa.

Hayo niliyajua chuoni, nikisomea uuguzi. Mwalimu alipochora moyo ubaoni na kueleza kwa nini watoto hao huchuchumaa, mimi sikuwa nikitazama ubao tena. Nilikuwa nikiwaona watu niliokua nao, ambao tuliwazika tukiambiwa tu kwamba walikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Hakuna aliyesema uongo pale makaburini. Watu walisema walichokijua. Lakini tangu siku ile nimebeba msiba ambao sikuwa nao kabla ya kusoma, kwa sababu elimu ilinirudishia wafu wangu na kuniambia walikufa kwa nini.

Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja huja na kasoro ya moyo, ndogo au kubwa. Wengine huzaliwa wazima kabisa, na shida yao ya moyo huanzia kooni. Mtoto anaumwa koo kwa siku chache, linapona lenyewe. Wiki mbili tatu baadaye homa inarudi, goti linavimba, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, maumivu yakihama kutoka kiungo hadi kiungo. Nyumbani wanadhani ni malaria, anapewa dawa ya mseto, homa inashuka, mtoto anarudi kucheza. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Viungo hupona bila alama, ila milango ya moyo huanza kupata makovu. Miaka inapita. Akiwa binti wa miaka kumi na kitu, au akiwa na mimba ya kwanza, anaanza kukosa pumzi akilala chali, miguu inajaa maji, anakohoa damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu wa moyo unaoletwa na homa ya rumatiki, na kwamba unaua watu wapatao 360,000 kila mwaka. Katika nchi tajiri umekaribia kusahaulika, kwa sababu watu walipata nyumba zenye nafasi na watoto walipata penisilini mapema. Hustawi pale watu wengi wanapolala chumba kimoja. Anayetaka kuelewa hilo na aingie kwenye nyumba zetu za kijijini wakati wa mvua, au akumbuke mahema na vibanda vya kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu, ambako ndugu zetu kutoka Burundi na Kongo wamelala wamebanana kwa miaka.

Kwa muda mrefu tiba ya mioyo hii ilikuwa ng'ambo. Wachache waliobahatika walipelekwa India kwa gharama ya serikali, na wengi wakasubiri. Mwezi Mei 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na leo watoto wengi wanafanyiwa upasuaji na Watanzania wenzao. Katika safari hiyo yote wageni walikuwepo. Timu za madaktari na wauguzi kutoka Ulaya, Asia, Marekani na Australia zimekuwa zikija kwa wiki moja au mbili, zikifanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Sisi huziita kambi. Majirani zetu nao wanazo. Huko Kigali, ambako mtu wa Kibondo hufika upesi kuliko Dar es Salaam, timu iitwayo Team Heart kutoka Boston ilianza kuja mwaka 2008. Walioiasisi ni daktari bingwa wa upasuaji, Chip Bolman, na mkewe Ceeya Patton Bolman, ambaye ni muuguzi.

Nataja kwamba ni muuguzi kwa kusudi. Habari za kambi za moyo huandikwa kwa jina la daktari aliyeshika kisu, na anastahili. Yeye ndiye anayeusimamisha moyo kwa maji baridi yenye potasiamu, mashine ikichukua kazi ya moyo na mapafu, naye ndiye anayeuziba au kuushona na kuurudishia mwendo. Lakini moyo ukishaanza kupiga, mtoto hukabidhiwa kwa muuguzi. Usiku kucha muuguzi hupima mkojo kila saa, hutazama damu inayotoka kwenye mirija ya kifuani, husoma presha, na kila mara hugusa nyayo za mtoto. Nyayo zikiwa za moto, moyo unasukuma damu mpaka mwisho. Zikianza kupoa, kuna jambo, hata kama mashine zote bado zinasema vizuri. Wageni na wenyeji tunafanya hivyo hivyo. Nimesimama usiku na wauguzi ambao sikuelewa nusu ya maneno yao, na mikono yetu ikakutana kwenye nyayo za mtoto mmoja. Wengi wao huwa wametumia likizo yao ya mwaka kuja, na wengine hujilipia nauli.

Nimeona pia watoto wakifa mikononi mwetu. Upo usiku mmoja ambao sijauacha nyuma. Mtoto alitoka nyanda za juu za Kigoma, na mama yake alikuwa na lafudhi ya nyumbani kwetu. Nyayo zilianza kupoa usiku wa manane. Tulifanya yote yanayofanywa, daktari alirudi, kifua kilifunguliwa tena, na kabla ya alfajiri ikawa basi. Mimi na muuguzi mgeni tulibaki kumwandaa. Tulitoa mirija mmoja mmoja, tukabandua plasta taratibu kana kwamba bado zinauma, tukamwosha kwa maji ya vuguvugu. Hakuna aliyetuagiza tutumie maji ya vuguvugu. Mama alipoingia hakupiga kelele. Alimshika mtoto mguu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nitamrudishaje?"

Swali hilo halimo kwenye vitabu vya upasuaji. Kutoka Dar es Salaam hadi milima yetu ni zaidi ya kilometa 1,200. Alikuja na mtoto kwa basi, amempakata, akijua kurudi nako ni hivyo hivyo. Mwili hausafiri kwa nauli ile. Ndugu waliopo mjini walichangishana, wakapiga simu nyumbani, wazee wakaamua mtoto azikwe huko huko mjini. Bibi yake, ambaye ndiye aliyeuza mbuzi ili safari iwepo, hajawahi kuliona kaburi. Huko nyumbani walikaa msiba bila mwili, watu wakaja, wakala, wakaomba, wakaondoka. Mtu aliyezoea kuzika watoto wake karibu na migomba ya nyumbani anajua msiba wa namna hiyo unaacha kitu gani wazi.

Yule muuguzi mgeni alilia waziwazi. Asubuhi alikuwa kwenye kitanda kingine, na siku chache baadaye akapanda ndege. Nimemfikiria sana tangu hapo. Sisi tukifiwa tuna mkeka, tuna majirani wanaokuja na kuni na maharage, tuna watu wa kutuambia pole mpaka tuchoke kuisikia. Yeye alikwenda na kifo cha mtoto ambaye kwao hakuna anayemjua. Huko alikorudi watu walimpongeza kwa kujitolea. Nani angejua kumpa pole? Aliyekuja kusaidia hahesabiwi kuwa mfiwa, na hivyo huomboleza peke yake. Nadhani ni haki yao nasi tuwatambue. Walioosha watoto wetu wamefiwa pamoja nasi.

Lakini kifo cha mezani, au cha ICU, kina bahati moja: kinaonekana. Kina saa, kina sahihi ya daktari, kina watu waliokilia. Kuna vingine havina.

Kila kambi ina orodha. Watoto wanapimwa moyo kwa kipimo cha eko, madaktari wanakaa, wanachagua. Hawachagui kwa kupendelea. Siku ni chache, vitanda vya ICU ni vichache, na wengine ugonjwa wao umeshavuka mstari. Mtoto mwenye tundu kubwa akikaa miaka mingi bila kutibiwa, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hapo kuliziba tundu ni kumuua. Wazazi wao huambiwa kwamba wamechelewa. Nimesimama kando ya mama anaposikia neno hilo, na nimetamani kumwelezea yeyote aliye karibu jinsi alivyochelewa. Alianzia zahanati, akaambiwa nimonia. Akarudi, akaambiwa nimonia tena. Akaenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Maweni mjini Kigoma au moja kwa moja Bugando huko Mwanza, kila hatua na nauli yake, kila nauli na msimu wake wa mavuno. Alifika siku aliyoweza kufika. Mtoto huyo hurudi nyumbani na dawa za kupunguza maji mwilini, na siku atakapokufa kambi itakuwa imeshafungwa na wageni wameshafika kwao. Hesabu ya kambi itasema watoto kadhaa wamefanyiwa upasuaji na wote isipokuwa mmoja wamepona. Ni hesabu ya kweli. Huyu hayumo.

Wapo pia waliopona kisha tukawapoteza. Binti mmoja wa huku juu alibadilishiwa mlango wa moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki. Aliwekewa wa chuma. Madaktari waliupima uamuzi huo kwa makini, kwa sababu mlango unaotokana na ng'ombe au nguruwe huchakaa upesi ndani ya mwili wa kijana na kumrudisha mezani, na wa chuma hudumu, ila unadai dawa ya kuzuia damu isigande kila siku, maisha yote. Dawa hiyo, warfarini, haina huruma. Ikizidi, mtu anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda kwenye mlango. Kiasi chake hujulikana kwa kupima damu mara kwa mara. Chakula nacho huigusa, hasa mboga za majani. Aliambiwa ale mboga kwa kiasi kile kile siku zote. Lakini nyumbani kwetu mboga hufuata mvua. Masika kuna kisamvu, matembele na majani ya maboga kila mlo, na kiangazi kikikaza ni dagaa na maharage. Kipimo cha damu kilikuwa mbali na nauli. Kisha akaolewa, na kama ilivyo kwetu, miezi haikuwa mingi watu wakaanza kumtazama tumbo. Dawa ile huweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha huweza kumuua mama. Mahali penye kliniki ya karibu jambo hilo huongozwa hatua kwa hatua. Yeye alishauriwa na watu wanaompenda wasiojua, akaiacha.

Picha yake kutoka kambini, siku anaruhusiwa, bado ipo kwenye simu yangu. Anacheka, amesimama kati ya wauguzi wa nchi mbili. Niliitazama muda mrefu nikijiuliza kama nimwandikie rafiki yangu mmoja wa ng'ambo, muuguzi aliyemhudumia kambini. Nilihofia kumharibia jambo jema analolikumbuka. Mwishowe nilimwandikia, kwa kuwa ni mfiwa naye, na mfiwa hafichwi habari.

Jibu lake halikuanza na faraja. Aliuliza tarehe. Aliuliza binti alikuwa akinywa dozi gani, mara ya mwisho kupimwa damu ilikuwa lini, ni umbali gani kutoka nyumbani kwao hadi penye kipimo, nani alikuwa na namba yake ya simu. Aliuliza kama alimwacha mtoto. Nilipokuwa nikijibu maswali yale moja moja, niligundua kwamba hakuna aliyewahi kuyauliza. Mwisho kabisa akaniambia anasikitika sana, na kwamba atawasomea wenzake majibu yangu yote kabla hawajapanga safari nyingine. Sijapata rambirambi iliyonifaa kuliko ile.

Katika misiba yetu tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Nimelisema hilo kwa kina mama wengi, na nitalisema tena, kwa sababu ni kweli kwangu na kwa sababu mfiwa anahitaji mahali pa kuegemea usiku ule wa kwanza. Lakini nimefikia kuamini kwamba sisi tunaohudumia wagonjwa hatuna ruhusa ya kulitumia kufungia faili. Kazi ya Mungu haina makosa. Kazi yetu inayo. Zahanati iliyoishiwa penisilini si amri ya Mungu. Umbali wa kipimo cha damu si amri ya Mungu. Orodha inayofungwa ndege inapoondoka imepangwa na watu, na watu wanaweza kuipanga upya. Tukimwachia Mungu yale aliyotuachia sisi, tunawaacha wafu wetu bila shahidi.

Kwa hiyo nimeanza kuelewa kuomboleza kwa namna nyingine. Machozi ni haki ya aliyekufa, na kumzika vizuri ni haki yake pia. Ana haki ya tatu, nayo ni kuandikwa: jina, kijiji, umri, alichougua, mahali alipokwama. Kambi ikirudi mwaka unaofuata ikute daftari hilo kabla ya kukuta wagonjwa. Isome waliofanyiwa upasuaji wakapona, na pembeni yao waliopona kisha wakafa, na walioambiwa wamechelewa. Najua ni karatasi ngumu kumpa mtu aliyetumia likizo yake kuja kukusaidia. Lakini yule rafiki yangu amenifundisha kwamba wanaweza kuibeba, na kwamba wanaotupenda kweli watatushukuru kwa kuwapa.

Daftari hilo likisomwa kwa makini, halielekezi kwanza Dar es Salaam wala ng'ambo. Linaelekeza kwenye zahanati. Mwezi Mei 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na homa ya rumatiki na ugonjwa wa moyo unaoifuata, na kiini chake kinajulikana kwa muuguzi yeyote. Koo la mtoto litazamwe, na likihitaji penisilini apewe. Aliyekwisha kupata homa ile achomwe sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, ili isirudi kuongeza makovu juu ya makovu. Sindano hiyo inauma, na mtoto anayejisikia mzima haoni kwa nini achomwe. Inahitaji mtu mmoja anayemjua kwa jina, anayeona kwamba wiki zimepita hajaonekana, na anayetuma habari nyumbani kwao.

Mtu huyo ni muuguzi wa zahanati ya kata kama Kitanga, anayefanya kazi ya watu watatu, ambaye hatapigwa picha na kambi yoyote. Naye pia yumo katika safari ile ile aliyoifuata muuguzi wa Boston au wa Sydney kwa kuvuka bahari. Kila sindano aliyoichoma kwa wakati ni kifua ambacho huenda hakitapasuliwa, ni mama ambaye hatauliza atamrudishaje mtoto wake. Wageni wanaotaka kuwaenzi watoto waliofia mikononi mwao wanaweza kuanza na yeye: wamjue, wamtumie majibu ya wagonjwa wake, wampe simu ya kupiga saa yoyote.

Nanyi wa nyumbani, nawaomba jambo moja. Kijana akifa na pumzi zimembana, miguu imevimba, na mkasema alikuwa dhaifu siku nyingi, mlieni, mzikeni, mkae msiba wake kama ilivyo desturi. Baada ya hapo watazameni wadogo zake waliokuwa wakilala naye chumba kimoja. Ulizeni nani amewahi kuumwa koo kisha viungo vikavimba, nani huchoka njiani kuliko wenzake, nani huchuchumaa. Mchukueni mpaka hospitali ya wilaya, mwambieni daktari kwamba nyumbani kwenu kuna aliyekufa hivi na hivi, mwombeni amsikilize moyo. Na jina la marehemu litajeni hapo, liandikwe.